Mita Sitini

Kozi yetu haina mhadhiri.
Ina ufunguo wa chumba namba tisa
tunaoazimwa na mama Kikoti wa usafi,
ina chaki vipande vitatu, na zamu.
Kila Jumatano saa kumi na moja,
upepo wa Iringa ukianza kupenyeza vidole chini ya mlango,
mmoja wetu huacha kiti, husimama mbele,
huwa mwalimu kwa saa mbili,
kisha hurudi kuwa mtu anayesubiri bumu.

Wiki ya kwanza Lutengano aliandika ubaoni
HAKI YA MAZINGIRA
akapiga mstari chini, akajifuta vumbi.
Tumwitikege akanyoosha mkono:
Hiyo *ya* hapo katikati,
inammilikisha nani?
Tulibishana mpaka giza. Neno la herufi mbili.

Wiki ya pili Sekela alileta maji ya Chunya kwenye chupa,
ya chini ya walikochenjulia dhahabu.
Tukapokezana bila kuifungua,
kama mtoto mchanga wa mtu tusiyemjua.

Wiki ya tatu mvua. Tulikuwa wanne.
Bati lilifundisha.

Wiki ya nne zamu yangu.
Nikasema: twendeni kwetu.

Kwetu ni ng'ambo ya Mafinga,
ukungu unapolala mpaka saa nne kama mgonjwa.
Nikawaonyesha vinyungu vya mama:
matuta bondeni, Oktoba, wenzie wakitazama mawingu
yeye alikuwa akivunja mahindi mabichi.
Zamani ukipita hapo tope lilikuvua viatu.
Sasa nyufa. Mguu wa Sekela ukaingia mmoja, ukatoka mkavu.
Na juu ya bonde, mikaratusi ya baba,
imenyooka kama mstari wa asubuhi shuleni.

Kifungu tulikinakili kwa mkono:
mita sitini toka kwenye chanzo cha maji.
Kamba ya katani tuliifunga fundo kila mita
usiku kucha, hosteli, tukiimba ovyo.
Lutengano akashika mwanzo, penye jicho la maji.
Mimi nikapanda na mwisho.

Fundo la kumi na tisa likagusa gome.

Mti huo naujua.
Niliupanda nikiwa darasa la tatu,
niliumwagilia kwa kopo la rangi,
nikaambiwa: huu ni wa ada yako.
Wenzake walishaondoka. Mmoja ulikuwa sare na viatu.
Watatu, kidato cha tano.
Safu nzima ya kule juu ni kitanda ninachokilalia,
ni kitambulisho hiki shingoni.
Kumbe sheria ya maji
nimeisomea kwa maji ya mama.

Baba akatoka, kofia mkononi.
Kamwene, akasema, karibuni, mbona mmesimama.
Akaitazama kamba.
Lutengano mwenye mdomo alikuwa anatazama viatu vyake.
Hakugomba. Alinyoosha kidole tu, ng'ambo ya mto,
mipaina ya kampuni safu kwa safu mpaka mbingu ilipoikata,
geti, bango, mlinzi na redio yake:
Na kule mmeshapima?

Kamba yetu ilikuwa ya mita sitini.

Mama ndiye aliyeichukua ncha mkononi mwangu.
Kutoka hapa, akauliza,
mpaka ninapochota siku hizi, ni mafundo mangapi?
Akatangulia. Tukamfuata, darasa zima,
tukailaza kamba, tukaiinua, tukailaza,
Tumwitikege akihesabu kwa sauti,
mara kumi na nne, na kipande.
Hapo kulikuwa na kidimbwi na foleni ya ndoo.
Mama akasema, leo ni fupi, kuna wageni.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyegusa chaki.
Kamba ipo, imetundikwa msumarini namba tisa,
tope limekauka kwenye mafundo ya mwanzo.
Mama Kikoti ameiomba mara mbili, ya kuanikia nguo.
Tumemwambia bado.
Zamu ijayo ni ya Lutengano.
Anasema atampigia simu kwanza mlinzi wa getini.